Neno "Set" na Kona ya Zege Iliyovunjika

Mwaka 1999 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nasubiri matokeo nyumbani Pangani, nikapata kibarua cha ukalimani kwenye ujenzi wa kitako cha tangi la maji, mwendo mfupi kutoka mjini. Mhandisi alikuwa Mwingereza wa makamo, mtu mpole, ambaye Kiswahili chake hakikuvuka salamu. Mafundi na saidia fundi walikuwa watu wa kwetu, na Kiingereza kwao kilikuwa lugha ya makaratasi ya serikali. Mimi nilisimama katikati, na kwa umri ule niliona nimesimama mahali pa heshima kubwa. Shuleni Kiingereza kilikuwa kimenipa alama nzuri, kwa hiyo niliamini kwamba kama kuna kitu kitakachonisumbua ni yale maneno marefu ya kitaalamu, na usiku nilikuwa nikiyakariri kwa taa ya chemli. Neno la herufi tatu sikulihofia hata kidogo.

Siku yenyewe tulimaliza kumwaga zege saa nane mchana. Kwenye saa tisa mhandisi alikuwa anawasha gari kwenda Tanga kufuata vifaa, akaniita dirishani na kuniambia niwaagize mafundi wasiziguse mbao za pembeni mpaka kitu fulani kitakapokuwa kime-"set". Kitu chenyewe hakukitaja kwa jina. Alisema "it", kama Waingereza wanavyosema. Mimi neno hilo nililijua vizuri sana. Nililisoma katika jiografia ya kidato cha kwanza, pale tulipofundishwa kwamba jua huchomoza mashariki na hu-"set" magharibi, nalo jua la saa tisa lilikuwa juu yetu limeanza kuinama. Sikusita hata kidogo. Nilirudi nikawaambia mafundi kwamba mbao zisiguswe mpaka jua litue.

Fundi mkuu, mzee aliyekuwa na miaka mingi ya ujenzi kuliko umri wangu, alinitazama kwa muda.

"Jua lina nini na zege?" akauliza.

"Ndivyo alivyosema, mzee."

"Haya. Kazi ni yake."

Jua lilitua, watu wakaswali magharibi, kisha mbao zikafunguliwa kwa mwanga wa tochi. Pande tatu zilitoka salama. Upande wa nne ubao uliondoka na kona nzima, kipande cha ukubwa wa tofali kikiwa bado kibichi, kimeng'ang'ania mbao kama ugali uliong'ang'ania mwiko. Nakumbuka kimya kilichofuata kuliko ninavyokumbuka kelele yoyote ya kazi ile.

Asubuhi mhandisi hakunifokea. Aliniuliza nilisema nini, nikamweleza, akacheka kidogo, halafu akaangalia ile kona na kicheko kikaisha. Aliyenifundisha ni fundi mkuu. Alinipeleka kwenye zege lililobaki kwenye ndoo tangu jana, akabonyeza kidole gumba juu yake, hakikuacha alama. "Hili limeshika," akasema. "Jana jioni lilikuwa linaelekea kushika, halijashika. Na kushika siyo kukomaa, mwanangu. Hili limeshika lakini halijakomaa, ndiyo maana tutalifunika magunia na kulimwagilia maji wiki nzima." Baadaye nilikuja kusoma kwamba wahandisi nao wanazitenganisha hatua hizo mbili kama yeye: zege hushika kwa saa kadhaa tu, bali ugumu wake huendelea kuongezeka kwa majuma, na kwa desturi nguvu yake hupimwa likifikisha siku 28. Mzee yule hakuwahi kusoma hayo popote, lakini alikuwa na maneno mawili kwa mambo mawili, nami nilikuwa na neno moja la jiografia.

Ni haki niseme kwamba mhandisi naye alikuwa na shida yake. Siku chache baada ya mkasa ule aliniuliza, kwa uzito kabisa, kwa nini mafundi wa huku wanapiga kila kitu. Alikuwa amesikia kupiga lipu, kupiga rangi, kupiga randa, na saidia fundi mmoja akiomba ruhusa aende kupiga simu, na katika kijitabu chake cha maneno alikuwa ameandika kwamba "piga" ni kumchapa mtu. Nilijaribu kumweleza nikashindwa. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kugundua kwamba neno hilo linafanya kazi zote hizo, kwa sababu mtu wa lugha haoni neno, anaona jambo. Anayesema "nimepiga pasi nguo" haoni kipigo popote. Anaona nguo zilizonyooka. Ndivyo ilivyokuwa kwa mhandisi na "set" yake: aliona zege tu, na hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba kijana aliyesimama dirishani anaweza kuona jua.

Baadaye nikawa mfasiri kwa kazi, na neno lile likanifuata. Kamusi yangu ya kwanza ya mfukoni ilinipa jibu moja, "weka", na kwa miaka miwili mitatu nililitumia kama mtu anayetumia ufunguo mmoja kwa kila kufuli. Wakati mwingine kufuli lilifunguka. Mara nyingi halikufunguka, ila msomaji alikuwa na huruma akanielewa. Kisha likaja karatasi ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto masikioni.

Mama mmoja wa makamo aliniletea uamuzi wa mahakama ulioandikwa kwa Kiingereza. Wakati huo, kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama Tanzania, jambo la kawaida lilikuwa mtu kuzungumza Kiswahili kizimbani na kurudi nyumbani na karatasi la Kiingereza. Kesi yake ilikuwa ya kiwanja. Hukumu ya kwanza ilitolewa upande mmoja yeye hayupo, naye akaomba isikilizwe upya, na mahakama ikakubali: ile hukumu ya awali ikawa imekuwa "set aside". Nikafasiri kwamba hukumu "imewekwa kando". Kila neno lilikuwa pale, na sentensi nzima ilikuwa imepotoka. Mama yule alisoma, akaelewa kama mtu yeyote wa kwetu atakavyoelewa, kwamba hukumu dhidi yake ipo, imehifadhiwa pembeni, siku yoyote itachukuliwa na kutumika. Alilia mbele yangu. Alikuwa ameshinda ombi lake na nilimpa machozi ya aliyeshindwa. Tuliokolewa na karani mmoja wa wakili aliyepita akalisoma karatasi lile na kusema kwa wepesi, kama anayetaja bei ya mkate, "Mama, hukumu imetenguliwa, unaanza upya." Kutengua. Neno hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni, udhu ukitenguka na nyonga ikitenguka, lakini halikunijia kwa sababu nilikuwa natafuta neno la "set" badala ya kutafuta kilichoipata ile hukumu.

Tangu hapo nikaanza kuliwinda neno lenyewe, kwa hasira kidogo. Niligundua kwamba sikuwa peke yangu niliyeteseka. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989 lenye majalada 20, haina neno lililochukua nafasi kubwa kuliko "set": maana za kitenzi chake zinapita 400 na maelezo yake hufikia maneno kama 60,000. Hiyo ni sawa na kuandika simulizi ya urefu wa hii mara 30, yote kuhusu herufi tatu. Katika marekebisho ya baadaye ya kamusi hiyo hiyo "run", ambalo sisi shuleni tulifundishwa kuwa ni kukimbia tu, lilipanda juu yake likiwa na maana 645 za kitenzi. Kisha kuna uchokozi mwingine mdogo: "set" halibadiliki. La leo, la jana na la lililokwisha kutendeka ni lile lile, kwa hiyo hata wakati wa tendo inabidi uusome kwenye maneno jirani.

Kitu kilichonifungua macho, hata hivyo, kilikuwa historia ya neno, siyo idadi ya maana zake. "Set" ni mtoto wa "sit", yaani kukaa. Katika Kiingereza cha kale na lugha zilizokizaa, mtu aliweza kuchukua kitenzi na kukigeuza kiwe cha kumfanya mwingine atende, kama sisi tunavyofanya kila siku kwa kauli ya kutendesha. Kaa, kalisha. Keti, ketisha. Waingereza walikuwa nayo kauli hiyo, ila imekufa mikononi mwao na kubaki vipande vinavyoelea: "lie" na "lay" ni lala na laza, "fall" na "fell" ni anguka na angusha (mti unaangushwa kwa "fell"), na hata "drink" na "drench" asili yake ni nywa na nywesha, ingawa leo mtu akiwa "drenched" amelowa mvua na hakuna aliyemnywesha kitu. Nilipolisoma jambo hilo nilifunga kitabu nikatoka nje. Miaka yote nilikuwa nimelichukulia neno lile kama jumba la watu wageni, kumbe msingi wake ni kalisha, na kalisha naijua tangu naambiwa nimkalishe mdogo wangu mkekani.

Jaribu kuzipitia maana zake kwa jicho hilo. Mganga anaye-"set" mfupa anaukalisha ulipokuwa. Sonara anakikalisha kito kwenye pete. Anayetega saa anaikalisha mishale yake. Kuku anakalishwa juu ya mayai, na hapo Kiswahili kina neno zuri kuliko lote, kuatamisha, ambalo nalo ni kutendesha cha kuatamia. Zege halikalishwi na mtu, linakaa lenyewe, na hilo jua lililoniponza linakwenda kukaa chini ya upeo wa macho. Sisi tunasema jua limetua, na tua ni neno lile lile la ndege anapofika mtini, la mchukuzi anapoushusha mzigo. Ukiliongeza kidogo likawa tuama unapata maji machafu yaliyoachwa ndooni mpaka tope likaketi chini. Kwa hiyo kumbe hata kosa langu la mwaka 1999 lilikuwa na ukoo. Zege na jua kweli vilikuwa ndugu ndani ya kile Kiingereza, ila si ndugu wa kukaa nyumba moja katika Kiswahili.

Lakini hapa nilijikwaa tena, maana nilidhani nimepata ufunguo mpya wa kila kufuli. Hakuna mtu Pangani wala Dar es Salaam anayesema mfupa umekalishwa. Mfupa unaungwa, au unarudishwa mahali pake. Mtego hatuukalishi, tunautega, na wavuvi wa kwetu wanatega nyavu na kutega dema, ule mtego wa samaki. Tanga la mashua linatwekwa. Mtihani unatungwa. Bei na tarehe zinapangwa, meza inaandaliwa, mfungwa anaachiwa huru, nyumba inatiwa moto. Kila tendo lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayelipa jina. Kujua asili ya neno kulinisaidia kuelewa Mwingereza anafikiri nini. Neno la kumwambia Mswahili nililazimika kwenda kuliomba kwa anayeifanya ile kazi. Nilianza kuwa na daftari la watu badala ya daftari la maneno: seremala mmoja wa Magomeni, muuguzi, mvuvi wa kwetu, karani yule wa wakili. Nikiwa na shaka nampigia mmoja wao na kumweleza kinachofanyika, bila kumtajia Kiingereza hata kidogo.

Halafu kuna lile "set" ambalo ni nomino, seti ya vikombe au seti ya masufuria ambayo bibi harusi huletewa ikiwa imefungwa kwa karatasi linalong'aa. Hilo nilikuwa nikilihesabu pamoja na mengine mpaka niliposoma kwamba kwa sehemu kubwa limekuja kwa njia nyingine kabisa, kupitia Kifaransa cha kale kutoka neno la Kilatini "secta", watu wanaofuatana nyuma ya kiongozi, ndilo lililozaa pia "sect", jina la Kiingereza la madhehebu. Maneno mawili ya asili mbalimbali yalikutana Uingereza, yakafanana sura, na watu wakayachukua kuwa moja. Vikombe sita vinavyofuatana ni kundi la waumini, kwa namna fulani. Hilo silitumii popote katika kazi yangu, ila linanifurahisha kila ninapoona kabati la vyombo.

Kinachonipendeza zaidi ni kuona Waswahili walivyolichagua neno hilo walipolikopa. Hawakulibeba lote. Shuleni tunazo seti za hisabati, zile duara mbili zinazopishana, na kwenye mpira wa wavu tunahesabu seti. Saluni dada anakwenda kuosha na kuseti nywele. Kijana anapanda juu ya bati kuseti dishi la king'amuzi, huku aliye ndani akipiga kelele "imekuja, imepotea, rudisha kidogo". Simu iliyowekwa Kiswahili inaandika "Mipangilio", neno sahihi kabisa, lakini fundi simu wa Kariakoo atakwambia "ingia kwenye setingi", nawe utaingia bila kumsahihisha. Hakuna aliyewahi kuniambia anakwenda kuseti mtego au kuseti tanga. Lilipokuja dishi likaja na neno lake. Mtego ulikuwapo kabla, na neno lake halikuondoka. Wanaolalamika kwamba vijana wanaharibu lugha kwa kukopa ovyo wangekaa saluni moja asubuhi nzima, waone jinsi mkopo huo usivyo wa ovyo.

Siku hizi kuna mashine zinazofasiri, nami nazitumia kama kila mtu. Zimeendelea sana. Ila bado nakutana na maandiko ambayo "weka" imerudi mlangoni na ufunguo wake ule ule: mfano unawekwa badala ya kuonyeshwa, rekodi inawekwa nami nabaki kujiuliza imewekwa wapi, benki au kabatini. Rekodi hiyo, nakiri, imeshakuwa Kiswahili cha redio na sina nguvu ya kuitoa. Siwezi kuilaumu mashine sana. Imejifunza kwa maandishi tu, kama mimi wa siku zile, na haina fundi mkuu wa kuibonyezea zege kwa kidole.

Mwezi uliopita nilipewa kijitabu cha mapishi ya biashara ndogondogo kilichoandikwa kwa Kiingereza. Ukurasa wa kashata za nazi ulisema kwamba mchanganyiko ukishamiminwa kwenye sinia uachwe u-"set", kisha ukatwe kabla haujawa mgumu. Nilikwisha kuandika "ugande", nikaifuta, nikaandika "utulie", nikaifuta. Mwishowe nikampigia shangazi yangu Pangani, ambaye ameuza kashata mlangoni kwake tangu nikiwa mdogo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Shangazi, ukishamimina kashata kwenye sinia, unangoja nini ndipo ukate?"

Akanyamaza kidogo, nadhani akijiuliza kama nimeumwa. "Si unangoja ishike?" akasema. "Unabonyeza na kidole. Ikishika unakata hapo hapo, maana ukiiacha ikakauka hukati tena, unavunja. We umekula kashata zangu miaka yote hiyo hukuona?"